Nyumba Iliyochomwa Mara ya Pili

Mkuu wa kituo alitaka faili lifungwe kabla ya chai ya saa nne.

"Ajali," alisema, akilisukuma faili upande wa pili wa meza. "Seremala katumia mbao mbichi, zikapinda, mlango ukakwama. Mama wa watu kafa. Seremala yumo mahabusu. Andika uzembe, mimi nitie sahihi, tuendelee na kazi nyingine. Waziri anakuja mwisho wa wiki kutazama hiyo filamu inavyopigwa. Ni filamu ya uhuru wetu, Inspekta. Sitaki aje akute tunanong'ona mambo ya moto."

Inspekta hakuligusa faili. Kituo kizima kilimwita Koleo, kwa sababu mama yule akishabana kitu haachii mpaka kivunjike au kitoke.

"Nani kasema mbao zilikuwa mbichi?"

"Mwongozaji wa filamu."

"Na yeye ni seremala?"

Mkuu alivua miwani. "Koleo, usinianze asubuhi yote hii."

Koleo alilichukua faili, akapiga saluti, akatoka.

Kwenye benchi mbele ya kaunta alikaa binti mmoja, mikono yote miwili imefungwa bandeji hadi karibu na viwiko. Alikuwa hapo tangu zamu ya asubuhi ilipoingia. Marehemu alikuwa dada wa baba yake. Kule kwenye filamu kila mtu, mkubwa kwa mdogo, alimwita Shangazi, hata binti akawa amezoea kugawana shangazi yake na watu asiowajua.

"Si uliandikisha maelezo jana?" Koleo alimuuliza.

"Niliandikisha. Wakaniambia nenda kapumzike."

"Na hukwenda."

"Nataka kumwona aliyeutengeneza ule mlango. Nimwone sura tu."

Koleo alimwingiza chumba cha nyuma, akamvutia kiti. "Nisimulie mimi. Usinisomee yaliyoandikwa jana. Nisimulie."

Binti alisimulia akiitazama meza. Filamu ilihusu vita vya babu zao, pale watu waliposhika bunduki za kujitengenezea na kuingia msituni kupigana na serikali ya kikoloni. Siku zile Shangazi alikuwa msichana mdogo. Askari wa mkoloni waliwafungia ndani ya nyumba moja, yeye na majirani, kwa kosa la kuwapelekea wapiganaji chakula, kisha wakaitia moto. Waliotoka hai walikuwa wachache, naye alikuwa mmoja wao. Mwongozaji aliposikia habari hiyo alimjia nyumbani, akakaa jikoni kwake siku nenda siku rudi akinywa chai yake na kumuuliza maswali. Halafu akajenga nyumba ileile upya na kumwomba aingie.

"Akakubali?"

"Alisema anataka wajukuu waone."

Mpango ulikuwa rahisi. Watu wanaingia kwa mlango wa mbele, askari wa kuigiza wanaufunga kwa gogo. Nyuma kuna mlango mwingine ambao kamera haiuoni. Watu wanatokea huko, msaidizi wa mwongozaji anapunga kitambaa chekundu kuonyesha kwamba nyumba ni tupu, ndipo mzungu aliyeigiza ofisa wa kikoloni anatupa mwenge juu ya paa.

"Mara ya kwanza walitupiga picha bila moto," binti alisema. "Tuliruka waya wao mlangoni tukaingia, eti tulie tu mle ndani. Tukalia. Shangazi hakulia. Mwongozaji akaja juu mbele za watu: 'Shangazi, unaniharibia kazi! Lia!' Akamjibu, 'Hatukulia, mwanangu. Moshi haumpi mtu nafasi ya kulia. Tulikohoa.' Mwongozaji akasema watu hawalipi kiingilio kwenda kutazama kikohozi."

"Na mara ya pili?"

"Tulisikia nyundo huko nje, tukadhani mafundi wanamalizia kazi. Kisha tukausukuma mlango wa nyuma. Haukwenda. Tukausukuma wote kwa pamoja. Haukwenda. Kisha paa likaanza kuunguruma." Aliiweka mikono yenye bandeji juu ya meza. "Yeye ndiye aliyetuambia tulale chini. Mle ndani mlikuwa na mtungi wa maji na kinu na mchi, vitu vya kupambia picha. Akamwaga maji ukutani, udongo ukalainika, akaupiga kwa mchi mpaka ukatoboka. Akatusukuma kwenye tundu mmoja mmoja. Mimi nilipotoka nilirudisha mikono ndani nimvute. Nikamshika. Paa likaja."

Koleo alinyanyuka, akaenda kumtoa seremala.

Alikuwa mtu wa makamo, mfupi, shavu la kushoto limemvimba. Mkanda wake ulikuwa umechukuliwa, akatembea ameishikilia suruali kwa mkono. Walipopita mbele ya benchi, binti alikuwa amesharudi pale. Alimkazia macho.

"Mbao zako mbichi zimemla shangazi yangu," alisema, pole pole, neno moja moja. "Uumie kama ninavyoumia mimi, wewe na wanao."

Ndani ya chumba cha nyuma ndipo seremala alipolipuka.

"Mbao mbichi! Mbao zile nilizitoa kwenye banda la zamani nililolibomoa mwenyewe. Zina umri kunizidi mimi! Nimwambie nani, afande? Nimeshasema, nikapigwa kofi. Nikasema tena, nikaongezwa."

"Nani kakupiga?"

"Huyo konstebo wako wa kaunta. Anasema najifanya mjuaji."

"Mlango wa nyuma uliufunga kwa kitu gani? Kitasa? Komeo?"

"Kwa hewa! Haukuwa na kitasa wala komeo. Ulining'inia kwenye bawaba za ngozi, unafungukia nje. Kuku angeufungua."

"Misumari ya nguzo ilikuwa mirefu kiasi gani?"

Seremala alimtazama kama mtu aliyeulizwa bei ya samaki dukani kwa muuza vitabu. "Misumari ipi? Nyumba ile haina hata msumari mmoja. Mwongozaji mwenyewe alipiga marufuku. Alisema enzi zile nyumba za wakulima zilishikwa kwa kamba na vigingi, na kichwa cha msumari kikionekana kwenye picha wataalamu watamcheka. Nimefunga kamba mpaka vidole vikachubuka. Tazama."

Vilikuwa vimechubuka kweli.

*

Nyumba ilikuwa imebaki kuta mbili za udongo mweusi na rundo la majivu. Karibu yake, kazi ya filamu ilikuwa ikiendelea. Watu waliovaa sare za askari wa kikoloni walikaa kwenye kivuli cha lori wakicheza karata, bunduki zao za mbao zimeegemezwa kwenye gurudumu.

Koleo aliazima chekeche la mchanga kwa wajenzi, akapiga magoti palipokuwa na mlango wa nyuma. Alichekecha kuanzia kizingiti kwenda nje, akiacha kila kinachotoka palepale kilipotoka. Mkaa. Kipande cha ngozi kilichojikunja. Halafu msumari, mrefu kama kiganja, na hatua moja pembeni yake mwingine wa aina ileile.

Nguzo ya mlango ilikuwa imeungua hadi usawa wa ardhi. Alifukua udongo kuizunguka. Chini, mahali moto ulipokosa hewa, kilibaki kisiki cha nguzo, na kwenye kisiki kilikuwa kimeng'ang'ania kipande cha ubao wa mlango. Kilichovishikanisha viwili hivyo kilikuwa msumari. Kichwa chake kilikuwa upande wa nje.

Aliuacha ulivyo, akaupiga picha, akamwita polisi aliyekuja naye asimame pale na asimruhusu hata mbwa kupita. Kisha akachukua mmoja wa ile misumari miwili ya kwanza, akaenda kwenye reli ambayo kamera hutembezwa juu yake. Mataruma ya reli yalikuwa yamepigiliwa ardhini kwa misumari. Aliuweka wa kwake kando ya mmoja wa pale. Walikuwa pacha.

Alipokuwa akirudi, mguu wake ulijikwaa kwenye waya. Ulikuwa umefukiwa juu juu tu, ukitokea ndani ya majivu na kuelekea kwenye hema moja dogo. Aliuvuta upande wa majivu. Mwisho wake ulitoka na donge jeusi lililoyeyuka, lenye wavu mdogo wa chuma mbele. Alilifunga kwenye karatasi, akalitia mfukoni.

"Unatafuta nini tena, afande?"

Aliyeuliza alikuwa msaidizi wa mwongozaji, kijana mwenye ndevu chache za kuhesabika na kofia iliyogeuzwa nyuma.

"Ukweli. Umeuona popote?"

"Si tulishasema?" Alicheka kidogo, peke yake. "Seremala na mbao zake. Halafu, mimi sipendi kumsema mtu, lakini yule mzungu naye alitupa mwenge kabla sijapunga kitambaa. Watu walimpiga pale pale. Hao si vipofu."

"Wewe ulisimama wapi?"

"Huku nyuma ya nyumba. Ndiyo kazi yangu, kuhakikisha wote wametoka."

"Kwa hiyo uliuona mlango."

"Niliuo... moshi ulikuwa mwingi."

"Kabla ya mwenge kutupwa?"

Kijana aliivua kofia, akaivaa tena. "Sasa afande, mambo yalikwenda haraka."

"Watu walikuwa wakiupigapiga mlango kwa ndani. Hukusikia?"

"Nilidhani wanaigiza."

"Usiondoke hapa," Koleo alisema. "Na mimi siigizi."

*

Mzungu alilazwa wodi ya wanaume, mkono umetundikwa, jicho moja limefumba. Hakuwa mwigizaji. Alikuwa fundi magari, alizaliwa hukuhuku, na gereji yake ilikuwa nyuma ya soko. Walimchukua kwa sababu ya ngozi yake na masharubu.

"Watu wamekuonea," Koleo alimwambia.

"Wangenionea ningelalamika, dada. Mwenge niliushika mimi." Aliongea kwa shida, mdomo umepasuka. "Mama yule alikuwa akinipitishia maji ya kunywa kila mapumziko. Ananiambia, 'Kunywa, mkoloni wangu, jua kali.' Wangenivunja na huu mwingine nisingesema kitu."

"Ulitupa kabla ya kitambaa?"

Jicho lake zima lilifunguka. "Nani kasema? Nilisimama na ule mwenge mpaka nta ikaniunguza kidole, nikingoja kitambaa. Kikapungwa. Nikakiona. Lakini nikasikia watu wanakohoa ndani. Tayari walikuwa wamewasha makopo ya moshi pembeni ya ukuta, ya kutengeneza picha. Nikageuka nikamwambia mwongozaji, 'Mbona kuna watu?' Akaniambia ni spika, eti wametega sauti ili sisi tuigize vizuri. Nikasita. Akapiga kelele, 'Tupa! Jua linaniponyoka!'" Alifumba na lile jicho zima. "Nikatupa."

"Utayasema haya mahakamani?"

"Nitayasema barabarani."

Koleo alitoka wodini akiwa na kitu kimoja kipya. Kitambaa kilipungwa nyuma ya nyumba ambamo hakuna mtu aliyekuwa ametoka. Mtu anaweza kukosea kuwahesabu watu wanaotoka. Hawezi kukosea kuona kwamba hawakutoka kabisa.

*

Fundi wa sauti alikuwa ndani ya hema lake dogo, akikunja nyaya. Mtu mnene, mpole, mwenye jasho lisilokauka. Mashine yake ya kurekodia ilikuwa juu ya meza, imefunikwa kwa taulo.

"Mimi sina la kukusaidia, dada," alisema kabla hajaulizwa. "Moto ulipowashwa nilikuwa nimezima mashine. Picha ya moto haikuhitaji sauti, sauti tungeitia baadaye."

"Sawa." Koleo aliketi juu ya sanduku. "Nifundishe kidogo, mimi mshamba wa mambo haya. Maikrofoni huwa mnaiweka wapi?"

"Karibu na sauti unayoitaka."

"Na hii?" Aliifungua karatasi, akaliweka lile donge juu ya taulo.

Fundi wa sauti aliacha kukunja waya.

"Imetoka ndani ya nyumba," Koleo alisema. "Waya wake umefukiwa kuja hapa kwenye hema lako. Mpango ulikuwa watu watoke kwanza, moto ufuate. Sasa niambie, kaka. Ndani ya nyumba tupu ulikuwa unarekodi sauti ya nani?"

"Ilisahauliwa mle tangu mara ya kwanza."

"Mara ya kwanza hapakuwa na moto, waya ulipita juu ya ardhi mlangoni. Binti aliyeungua mikono anakumbuka aliuruka. Mara ya pili ulikuwa umefukiwa ili usiungue. Uliufukia wewe?"

Nje mtu alipiga kelele kwamba farasi aletwe.

"Nina seremala mahabusu," Koleo aliendelea, na sasa sauti yake ilikuwa imebadilika. "Anapigwa makofi kwa jambo asilolifanya. Nina mtu hospitalini kavunjwa mkono. Nina mama mmoja yuko kwenye jokofu, na ndugu zake wameshauriwa wasimfunue. Wewe umekaa hapa unakunja waya. Ukiendelea kukunja, wallahi nitakufunga kwa waya huohuo mpaka kituoni."

Mtu yule mnene alikaa chini. "Aliniamuru niufute mkanda," alisema. "Jana jioni. Nikamwambia nimeufuta."

"Na?"

"Sikuweza. Mikono ilikataa." Alivuta kisanduku kutoka chini ya spika, akautoa mkanda, akaufunga kwenye mashine. "Mimi nilikuwa nimevaa visikilizio vya masikioni. Niliwasikia tangu mwanzo. Nikadhani wataufungua. Nikadhani mtu mwingine atasema. Hivyo ndivyo ilivyokuwa."

Aliwasha.

Kwanza ulisikika upepo na watu wakisogeasogea, mwanamke akicheka kwamba ameumwa na sisimizi. Halafu, kwa mbali kidogo, nyundo. Nyundo ikanyamaza. Sauti ya msaidizi: "Inatosha, bosi." Sauti ya mwongozaji: "Piga na chini." Nyundo tena. Msaidizi: "Na wakitaka kutoka?" Mwongozaji, bila haraka: "Wakitaka kutoka ndiyo picha yenyewe. Nipe dakika moja ya ukweli, basi, kisha uwang'olee. Kitambaa upunge nikikuambia."

Koleo aliinua kidole, mkanda ukasimamishwa. Akaagiza urudishwe nyuma. Akaisikiliza sehemu ile mara nyingine, akiandika. Kisha akaashiria uendelee.

Hapakuwa na kilio. Kulikuwa na kukohoa, na mlango ukigongwa, na mngurumo ukipanda kama gari kubwa linalokuja. Juu ya hayo yote kulikuwa na sauti ya mwanamke mtu mzima, kavu, yenye kuamrisha: "Laleni! Pua ardhini! Wewe, nipe huo mtungi. Usilie, pumzi hiyo utaihitaji. Leta mchi. Sogea." Mapigo ya mchi. "Mwembamba kwanza. Haya, pita. Pita! Usigeuke nyuma. Na wewe. Na wewe." Jina la binti, mara moja. "Nenda mwanangu, nakuja."

Fundi wa sauti alizima mashine kabla ya yaliyofuata. Alikuwa akilia bila kujificha. Koleo alifunga mkanda kwenye bahasha, akaiandika, akamtaka atie sahihi juu ya gundi.

"Simama," alimwambia. "Utaandika maelezo. Kwamba ulidhani mtu mwingine atasema, uandike na hilo."

*

Mwongozaji alikuwa juu ya ngazi, amekodoa jicho moja kwenye kamera. Chini yake wapiganaji wa msituni na askari wa mkoloni walikuwa wamepangwa tayari kwa vita. Alikuwa mtu wa kupendeza, mvi za mapema, skafu shingoni.

"Inspekta!" aliita. "Dakika kumi tu, jua likiwa bado zuri. Tunakaribia kumaliza."

"Umeshamaliza. Shuka."

Kijana wa kofia, aliyekuwa ameanza kurudi nyuma pole pole, alijikuta amegota kwenye kifua cha polisi.

Koleo alisubiri mwongozaji afike chini, akautoa msumari mmoja na kuuinua. "Huu ni wa reli yako. Nimeutoa kwenye mlango ambao wewe mwenyewe ulipiga marufuku usitiwe msumari. Na sauti yako ninayo, ukiagiza upigwe mwingine. Fundi wako wa sauti hakuufuta mkanda."

Uso wa mwongozaji ulibadilika, lakini haukuwa uso wa mtu aliyefadhaika. Ulikuwa wa mtu aliyechoka kuwaelewesha watu.

"Inspekta, nisikilize. Ilikuwa iwe dakika moja. Yule kijana alitakiwa kuing'oa misumari, ikawa nyundo haina meno, akababaika. Hiyo ndiyo ajali. Mimi nimemlilia yule mama kuliko mtu yeyote. Lakini unajua ninachokifanya hapa? Wazungu waliwachoma watu wetu, na hakuna picha hata moja. Hata moja! Dunia haituamini. Nilitaka kuwaonyesha ukweli."

"Ukweli ulikuwa jikoni kwake ukikumiminia chai," Koleo alisema. "Ulikuambia walikohoa. Ukaukataa."

"Wewe huelewi sanaa."

"Naelewa mlango uliopigiliwa kwa nje. Wale walioupigilia wa kwanza, nao walikuwa na sababu nzuri. Walisema wanaleta amani." Alimgeuza kwa bega. "Mikono nyuma. Unakamatwa kwa mauaji."

"Mauaji! Waziri akijua—"

"Atajua. Twende."

Pingu zikafungwa. Kisha mmoja wa wapiganaji, mzee aliyekuwa amevaa ngozi na kushika gobole la bandia, alisogea hadi usoni pa mwongozaji. Polisi wakashtuka. Mzee hakumgusa. Alilitupa gobole miguuni pake, akaenda zake. Nyuma yake wengine wakaanza kutupa za kwao, wapiganaji na askari wa mkoloni pamoja, rundo likapanda mpaka ikabidi gari la polisi lizunguke.

*

Kwenye njia panda dereva aliwasha taa ya kugeukia kituoni.

"Nyoosha," Koleo alimwambia.

"Afande, kituo ni—"

"Najua kituo kiko wapi, na simu ya kituo naijua. Hakimu bado amekaa. Twende mahakamani."

Mwendesha mashtaka alikuwa akila andazi ofisini kwake. Koleo alimwekea mezani msumari, picha za kisiki, maelezo ya fundi wa sauti, kisha akamsikilizisha mkanda, ule wa nyundo na ule wa mchi. Andazi halikumalizika. Msaidizi wa mwongozaji, alipoambiwa mkanda umesikilizwa, alikiri palepale kwenye korido, akisema aliagizwa, aliagizwa, aliagizwa. Kabla korti haijaahirishwa, wote wawili walikuwa wamesimama kizimbani, shtaka la mauaji limesomwa, na hakimu amewapeleka rumande. Kuanzia hapo hapakuwa na mtu mwenye simu, awe mkubwa vipi, ambaye angeweza kuwatoa bila kupita kwa hakimu yuleyule mbele ya watu.

Mkuu wa kituo alikuwa amesimama mlangoni waliporudi. Mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka.

"Nani alikupa ruhusa ya kwenda mahakamani bila kupitia kwangu?"

"Sheria, afande."

"Waziri amenipigia! Amenitukana kama mtoto! Unajua umefanya nini? Jumatatu unahamishwa. Nitakupeleka mahali ambapo hata barua hazifiki!"

"Jumatatu ni mbali. Leo nina mtu mahabusu bila kosa."

Alimpita. Mkuu alibaki akihema, akatazama askari wake mmoja mmoja. Wote walikuwa wamepata kitu cha kusoma.

Seremala alitolewa. Konstebo wa kaunta alimrudishia mkanda wa suruali na saa yake, akamsogezea kitabu atie sahihi. "Haya mzee, uko huru. Nenda nyumbani."

Seremala alivaa mkanda taratibu, tundu kwa tundu. Hakuigusa kalamu. Binti alikuwa bado kwenye benchi, kichwa kimeegemea ukuta.

"Sitoki," seremala alisema.

"Nini?"

"Mlinichukua mbele ya mke wangu, mkisema nimeua. Umenipiga makofi mara mbili, mkono huohuo unaonipa kalamu. Yule binti pale amenilaani mimi na wanangu, na simlaumu, kaambiwa na nyinyi. Sasa unaniambia nenda." Alimwonyesha binti kwa kidevu. "Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Mlango wangu ulikuwaje. Mwambie wewe."

Konstebo alimtazama Mkuu. Mkuu aligeukia dirisha. Konstebo akamtazama Koleo.

"Mwambie," Koleo alisema.

Konstebo alikohoa. "Mlango ulikuwa mzima," alisema, macho kwenye kaunta.

"Hajasikia."

Konstebo alitoka nyuma ya kaunta, akaenda mpaka mbele ya benchi. Alivua kofia. "Dada," alisema, kwa sauti ambayo hata waliokuwa uani waliisikia, "mlango ulikuwa mzima. Ulipigiliwa misumari kwa nje. Aliyeagiza tumemkamata."

Binti alimtazama, kisha akamtazama seremala, shavu lake lililovimba, vidole vyake. Tangu siku ya moto hakuna aliyekuwa amemwona akidondosha chozi. Sasa alijiinamia juu ya bandeji zake, akalia kwa sauti kubwa, na seremala akaja akaketi kwenye benchi kando yake.